Kisanduku cha majaribio ya rangi ya anga: vifaa vizuri, kijitabu kina kasoro

Kisanduku hiki, chenye tangi la plastiki inayopitisha mwanga, tochi nyeupe na kifaa cha kupimia matone, kinatimiza kazi yake: nilipotia matone machache ya maziwa majini na kuwasha tochi, maji yaliyotazamwa ubavuni yalionekana ya buluu hafifu, ilhali mwanga uliotokea upande wa pili ulikuwa wa rangi ya machungwa, mithili ya jua linalotua. Kijitabu chake, hata hivyo, kinadai kwamba anga ni ya buluu kwa sababu huakisi bahari, jambo lisilo kweli. Sababu halisi ni kwamba molekuli za hewa hutawanya mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) karibu mara 6 zaidi ya mwekundu wa nanomita 700. Tochi nayo ni dhaifu, hata ikanibidi nifunge mapazia mchana.