Kuanza skaidaivu ukiwa mwanafunzi Zanzibar: kipi ununue mwanzo, kipi uwache

Kila ikikaribia likizo ya chuo kuna mtu atauliza suala lile lile, ati yakhe na mie nataka kuruka kutoka kwenye ndege, nna pesa kidogo, nianzie wapi. Na wengi washaingia mtandaoni washaona mwavuli wa mtumba unauzwa Ulaya huko wanadhani ndo pa kuanzia. Hapana bwana, mwavuli ni kitu cha mwisho kabisa. Unachonunua mwanzo ni mafunzo, na mafunzo yenyewe yana aina zake na kila aina ina mtego wake, kwa hivo nimeyapanga hapa kuanzia inayokurudishia pesa yako mpaka ile ya kuikimbia.

Tuwekane sawa kwenye bei. Nikitaja dola hapa ni bei za kawaida za Marekani, ndo zinazojulikana zaidi, kwengine zinapanda au zinashuka lakini picha unaipata. Tandemu, ile unafungwa kifuani kwa mwalimu, dola 200 mpaka 300. Kozi nzima mpaka leseni ya kwanza, ile A ya USPA, chama cha skaidaivu cha Marekani, inayotaka uwe na miruko 25, dola 2,500 mpaka 4,000. Najua, boom la mwaka mzima halifiki. Ndo maana mpangilio wa kununua una maana kuliko hata bei yenyewe.

NAMBA 1: AFF YA MFULULIZO, DIANI

AFF ni ile kozi unaruka na mwavuli wako mwenyewe mgongoni toka siku ya kwanza, walimu wawili wamekushika huku na huku, ndege inakupandisha futi 10,000 mpaka 13,000, unaanguka kama dakika moja kwa spidi ya karibu kilomita 200 kwa saa, halafu ukifika futi 5,500 hivi unafungua mwenyewe. Skuli nyingi wana ngazi 7 au 8, ukifaulu moja unakwenda nyengine, ukifeli unarudia na unailipia tena. Hapo pa kurudia pashike, ntapataja tena.

Kwa mtu wa Unguja au Pemba nimeiweka Diani mbele kwa sababu za mfukoni tu. Skydive Diani wako pwani ya kusini ya Mombasa, na wewe huna haja ya ndege kufika. Boti mpaka Dar, basi la Mombasa linalopita Tanga, unavuka Horohoro unaingia Lungalunga, na uzuri wake Ukunda iko kabla hujafika Likoni kwa hivo unashuka njiani, unachukua tuktuk mpaka Diani, basi la watu linaendelea kwenda kupanga foleni ya feri bila wewe. Wapemba mkiipata boti ya Tanga mshakata kipande kizima cha safari. Viza hakuna, pasi yako tu, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama unayo ichukue usije ukasumbuliwa mpakani. Kulala na kula ni bei za pwani mnazozijua, chapati na maharage zipo, si lazima ukae hoteli ya ufukweni.

Ukiwaandikia ulizia bei ya mkaazi wa Afrika Mashariki, wanaofanya biashara na watalii mara nyingi wana bei mbili na ile ya pili haitajwi mpaka uiulize.

Sasa hili neno mfululizo ndo roho ya mwongozo wote huu. Wanafunzi wengi wanafanya hivi: wakipata hela kidogo wanakwenda wanaruka mara mbili, wanarudi, wanakusanya tena miezi minne, wanakwenda tena. Inaonekana ni kujibana lakini ndo njia ya ghali kuliko zote. USPA wanashauri mwanafunzi akipitisha siku 30 hajaruka arudi chini ya mwalimu kwanza kabla hajaendelea, na hata pale ambapo utaratibu ni tofauti mwili wenyewe unasahau, mgongo hauukunji vizuri, unazunguka hewani, unafeli ngazi, unalipa tena. Juu ya hapo nauli mara mbili mara tatu. Bora ukae mwaka mzima huruki hata mara moja, pesa ikusanyike yote na akiba ya kurudia ngazi mbili juu yake, halafu uende mara moja umalize. Kama mna mchezo hosteli omba kupokea wa mwisho, mwezi wa safari. Ukipokea mwanzo n'nakujua wewe, utanunua simu.

Na uende lini? Hapa watu wa kwetu tuna akili ambayo mzungu anaisoma kitabuni. Mwanafunzi anayeruka peke yake kikomo cha upepo kwa USPA ni maili 14 kwa saa, kama noti 12 hivi. Sasa nenda Paje siku kusi limekaza, wale wa kaiti wanashangilia noti 15, 18, 20, maana yake siku nzuri ya kaiti ni siku ya mwanafunzi wa mwavuli kukaa chini anakunywa soda. Diani ni bahari hii hii na pepo hizi hizi. Kwa hivo Juni mpaka Septemba utapata siku, lakini mara nyingi asubuhi mapema tu kabla upepo haujaamka. Masika ndo usiende kabisa, hairuhusiwi kuruka kupitia ndani ya mawingu na utakaa wiki unahesabu matone huku unalipia chumba. Wakati wako ni maleleji, kusi likishakufa na kaskazi halijashika vizuri, au kaskazi linapolegea kuelekea Machi. Likizo ya chuo ikigongana na kusi ongeza siku za kukaa kwenye bajeti, usijipe siku tano ukasema utamaliza.

Dada zangu wananiuliza kuhusu hijabu. Inaruhusika bila tabu, vaa ile ya michezo inayobana, iingie yote ndani ya helmeti na ovaroli, pini hakuna na ncha inayopepea hakuna, kwa sababu kitambaa kinachopepea kinaweza kuziba macho au kujizonga kwenye handeli ya kufungulia mwavuli na hapo si suala la sitara tena ni suala la roho. Na Ramadhani iacheni ipite, kuruka na kiu ni kujitafutia.

NAMBA 2: STETIKI LAINI, AFRIKA KUSINI

Hii ni ile ya kizamani, kama makomandoo wa jeshi, kamba imefungwa kwenye ndege, ukitoka inakufungulia mwavuli yenyewe. Unaruka kutoka chini, futi 3,000 na kitu, huanguki, unaning'inia tu unajifunza kuongoza. Mruko mmoja mmoja ni rahisi sana kulinganisha na AFF kwa sababu ndege haipandi juu na mwalimu haruki na wewe. Halafu unaanza kujifunza kuvuta mwenyewe, sekunde 5, sekunde 10, unapanda taratibu.

Tatizo lake ni moja, inataka siku nyingi. Ukihesabu mpaka unafika alipo mtu wa AFF unaweza kuwa umelipa karibu sawa, ila umelipa kidogo kidogo. Kwa hivo kwa mtu anayetoka Mkoani na mkoba, namba 2. Ila kama umepata skolashipu unasoma Johannesburg au Pretoria basi futa yote niliyosema juu, hii inakuwa namba 1 na hakuna mjadala, maana kila wikiendi uko pale na klabu ziko karibu, ile ya Johannesburg inarukia Carletonville. Chama chao kinaitwa PASA, hakikisha klabu iko chini yake. Kitu chengine kizuri cha klabu tofauti na biashara ya watalii, ukisaidia kukunja miavuli na kufagia hanga watu wanakujua, na ukishajua kukunja vizuri unalipwa kwa kila mwavuli. Kuna watu wamelipia miruko yao yote hivo hivo.

NAMBA 3: TANELI YA UPEPO

Kama una mjomba Dubai na unakwenda kumtembelea anyway, pita iFLY pale City Centre Mirdif. Unaelea juu ya feni kubwa, mwalimu anakurekebisha mikono na miguu. Dakika moja mle ndani ni sawa na muda wa kuanguka wa mruko mzima, kwa hivo dakika chache zinakupa mazoezi ambayo angani ungeyalipia ngazi nzima. Haikufundishi kutoka ndegeni, haikufundishi mwavuli, haikufundishi kutua, lakini inapunguza kufeli. Kukata tiketi ya ndege kwa ajili ya hiyo tu, hapana.

NAMBA 4: TANDEMU

Ntagombana na watu hapa. Tandemu ni tamu, sikatai, video utaiweka status mwezi mzima. Lakini kwa anayetaka kujifunza na ana pesa ya kuhesabu ni kununua siti ya abiria. Pesa ya tandemu moja ni sehemu kubwa ya ngazi ya kwanza ya AFF. Na tandemu za ufukweni zimepangiwa bei mtu wa fungate, si wewe.

Inafaa kwa mtu wa aina mbili. Mmoja ni yule hajijui kama atathubutu, huyo bora apoteze 250 kuliko 3,000. Mwengine ni yule aliyeuliza kabla na skuli ikamwambia tandemu yake itahesabiwa ndani ya kozi, kuna wanaofanya hivo, wanakuvalisha altimeta, kile kipimo cha mkononi kinachokuonesha uko juu kiasi gani, na wanakupa kazi ya kufanya hewani. Kama jibu ni "hapana, hiyo ni ya kufurahi tu", ipite.

NAMBA 5: KUNUNUA VIFAA

Sasa tuje kwenye ule mwavuli wa mtumba. Seti nzima iliyotumika ni dola 2,000 mpaka 4,000, mpya inapita 7,000. Wakati wa kozi vifaa ni vya skuli, vimo ndani ya bei. Ukishapata leseni unakodi, tuseme dola 30 kwa mruko. Chukua seti ya 3,000 gawa kwa 30, unatakiwa uruke mara 100 ndo iwe imejilipa, wewe bado una 25 na ndege ya karibu iko nchi nyengine.

Halafu kuna mwavuli wa akiba, ule unaofunguliwa wa kwanza ukileta matata. Huo haukunji wewe, anaukunja fundi mwenye leseni yake, Marekani ni kila siku 180, nchi nyengine mpaka mwaka. Sasa seti yako iko kabatini Kwerekwe, joto, unyevu, chumvi, na kila muda ukifika uitume ng'ambo ikakunjwe irudi. Ni kama kuweka jahazi Dodoma.

Na wanaokuuzieni rahisi wana sababu. Angalia AAD, kile kidude kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe ukiwa bado unashuka kwa kasi karibu na ardhi. Vigil 2 inaishi miaka 20 kutoka kutengenezwa, Cypres 2 ni 12 na nusu au 15 na nusu kutegemea imetoka lini, na Cypres za mwanzo, zile zilizoanza 1991, zote zishakwisha muda, ukikuta ndani ya seti jua ni pambo. Mpya yake inapita dola 1,000, kwa hivo ile seti "rahisi" si rahisi tena. Na kama unayo, iwe ya aina inayokuhusu, ya wazoefu inangoja mpaka unashuka mita 35 kwa sekunde ndo iamke, ya mwanafunzi inaamka kwenye 13.

Saizi nayo. Chukua uzito wako na vifaa vyote kwa paundi, gawa kwa futi za mraba za mwavuli, anayeanza isizidi 1. Mtu wa kilo 65 na vifaa vya kilo 12 ni paundi 170, kwa hivo kwake 190 au 210 ndo salama, na utaona mitandaoni rahisi rahisi zote ni 135 na 150. Hizo ni za watu wanaotaka kutua kwa kasi, wewe zitakuvunja kifundo.

Ukiona lazima mkono ushike kitu chako mwenyewe, nunua altimeta. Iliyotumika inayofanya kazi hutoki na pesa nyingi, na hata ukiacha kuruka inauzika siku ya pili. Baada yake miwani ya kukaa vizuri usoni, halafu helmeti. Viatu ni raba za kawaida zisizo na ndoano.

KABLA HUJATUMA DIPOSTI

Waandikie WhatsApp, wakujibu kwa maandishi. Kurudia ngazi ni shilingi ngapi. Upepo ukikataa siku zote nilizokuja, pesa yangu inarudi, inangoja, au imekwenda? Kikomo chenu cha uzito kiko wapi. Ndege yenu ipo mwezi huo au iko matengenezo, maana skuli ndogo wana ndege moja na ikiharibika wote mnakaa. Nani mwalimu na reting yake, yaani kibali chake cha kufundisha, imetoka chama gani. Kama unasitasita kwenye maji waambie hujui kuogelea, kuruka pwani maana yake kuna siku unaweza kutua baharini na wanatakiwa wakuvalishe boya.

Bima ya safari uliyonunua na tiketi soma ndani, nyingi zinaitaja skaidaivu kwa jina kwenye vile visivyolipwa. Na fomu ya kukubali hatari utakayosaini ni kurasa nyingi, iombe mapema uisome nyumbani, tena umuoneshe na mama, maana akija kuijua siku umeshavunjika mguu kesi ni mbili.

Wakikujibu yote isipokuwa lile suala la upepo, wakawa wanasema tu "don't worry karibu sana", tafuta wengine.