Amlodipini 10: presha ilishuka, miguu ikaumuka

Natumia amlodipini, dawa ya presha, mwaka wa pili sasa. Nilianza na miligramu 5, kidonge kimoja asubuhi, siku za mwanzo kichwa kinagonga na uso wa moto kama nimetoka kusonga ugali wa msibani, ila ikapita yenyewe. Presha ikawa bado inasumbua wakanipandisha 10, hapo ndo kasheshe lilipoanza, kama wiki ya tatu ivi jioni raba haziingii, nikibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo, asubuhi pamenywea, jioni tena yaleyale.

Sa si unajua watu wetu, wifi kasema figo hizo, shoga angu kasema ni chumvi, duka la dawa wakaniuzia vidonge vya kukojoesha, nikashinda chooni na miguu imevimba vilevile, hela yangu ikaenda na maji. Nikajifanya daktari nikaacha dawa. Miguu ikanywea kweli, ila kwenda kupima, 176/104! Na mi sikuwa nasikia chochote, hata kizunguzungu, ndo ubaya wa huu ugonjwa.

Daktari wa safari hii mama mmoja mpole, hakunigombeza, kachukua kalamu akanichorea. Amlodipini inalegeza vimishipa vinavyopeleka damu, vile vya kuirudisha kwenye moyo havilegei kivile, kwaiyo msukumo unajaa katikati na maji yanachujika nje ya mishipa yanakaa kwenye nyama, na kwa mtu anayeshinda kasimama yanatuama miguuni. Yani sio kwamba mwili umebeba maji ya ziada, ndo mana vile vya kukojoesha havikufua dafu. Kasema 10 inavimbisha kuliko 5, na sisi wanawake inatupata zaidi.

Lakini hakuishia hapo, akanipima mkojo na damu kuangalia figo, akaniuliza kama nakosa pumzi nikilala chali, mana kuvimba kunaweza kuwa ni moyo au figo kweli, na ukivimba mguu mmoja tu tena unauma usikae nyumbani, yaweza kuwa damu imeganda.

Akanirudisha 5 akaniongezea losatani 50, dawa nyingine ya presha, eti hiyo inalegeza na ule upande wa kurudi. Kabla ya kuandika kaniuliza kama nina mpango wa kuzaa, sababu mjamzito hatakiwi kuimeza, nikacheka, na miaka hamsini hii jamani! Kingine nilichokuwa sijui ni fizi, amlodipini inaweza kuzivimbisha kwa baadhi ya watu, mi bado halijanikuta ila mswaki naukazania.

Sasa hivi nasoma 130/80 au karibu na hapo. Presha naipa tano kwa tano, miguu naipa tatu, mana raba zinaingia hadi jioni ila nikipanda basi la Mbeya kamba nafungua mapema, tukifika Chalinze tu.