Uzoefu wangu na moduli ya email ya Python: kuchomoa ankara kwenye barua pepe

Kila mwisho wa mwezi sanduku la barua pepe la ofisi yetu hujaa ankara za PDF. Nilikuwa nazipakua kwa mkono, moja moja, mpaka nikachoka nikaandika skripti. Nilichagua moduli ya email kwa sababu inakuja na Python yenyewe (lugha ya programu niliyoitumia), huhitaji kusakinisha kitu.

Nilianza na walk(). Unaiweka kwenye kitanzi cha for, nayo inakupitisha kwenye kila sehemu ya barua, kuanzia ya nje kabisa hadi ya ndani. Kabla ya kuhifadhi chochote, nilichapisha get_content_type(), yaani aina ya kila sehemu, kwa barua moja tu. Zikatoka: multipart/mixed, multipart/alternative, text/plain, text/html, application/pdf. Mistari mitano kwa barua niliyodhani ni maneno na faili moja! Zile multipart ni makapu ya kubebea tu. Maneno yenyewe yamo mara mbili, matupu na ya HTML. Kama unaanza leo, chapisha hivyo kwanza. Utaokoa siku nzima.

Kilichonisumbua ni barua iliyobebwa ndani ya barua. Mhasibu wetu alinitumia ankara kwa kuambatisha barua nzima ya msambazaji, skripti ikasimama na kosa la TypeError. Aina yake ni message/rfc822. Nayo inahesabiwa kuwa kapu, kwa hiyo get_payload(decode=True), inayotoa yaliyomo kwenye sehemu, hurudisha None (yaani hakuna kitu), na mimi nilikuwa naiandika moja kwa moja kwenye faili. Nikaongeza sharti la kuruka kila sehemu ambayo is_multipart() yake ni kweli. Walk() ikaendelea kuzama, ikaikuta PDF ndani kabisa. Hapo ndipo nilipoipenda.

Ipo pia iter_attachments(), inayokupa viambatisho tu; msimbo wake ni msafi zaidi na inauruka mwili wa barua. Ila haizami ndani ya barua iliyoambatishwa, kwa hiyo kwa kazi yangu haitoshi. Kuipata, soma barua kwa policy=policy.default (kanuni za Python za kusoma barua). Hata usipoihitaji, weka policy hiyo tangu mwanzo: bila yake, kichwa cha barua chenye herufi zisizo za kawaida kinakuja kama =?UTF-8?B? na msururu wa herufi zisizosomeka.

Jambo jingine, usitegemee peke yake neno attachment, linaloitambulisha sehemu ya barua kuwa kiambatisho. Wapo wanaotuma PDF ikiwa imeandikwa inline, yaani ya kuonyeshwa ndani ya barua, na mwezi wa kwanza ankara tatu zilinipita hivyo. Sasa naangalia aina ya sehemu na jina la faili kwa pamoja.

Na majina hayo msiyaamini. Wasambazaji wawili walituma ankara.pdf siku moja, ya pili ikafuta ya kwanza. Siku hizi natanguliza tarehe na namba ya barua kwenye kila jina ninalohifadhi.