Wiktionary kwa wapenda maneno mafupi, nyota 4 kati ya 5

Kama we ni mtu wa kupenda maneno basi Wiktionary isikupite, ni kamusi ya bure ya mtandaoni, ndugu yake Wikipedia, ipo tangu Desemba 2002 na yeyote anaruhusiwa kuandika humo. Mi naipendea zaidi maneno mafupi, maana ukurasa wake unafuata tahajia, yani herufi zikiwa zilezile lugha zote zinakaa chumba kimoja.

Chukua hili letu la "sana", la asante sana na pole sana. Ingia toleo la Kiingereza, liandike, halafu shuka taratibu. Kifini sana ni "neno", ndo maana kamusi wanaiita sanakirja, kitabu cha maneno! Kituruki ni "kwako", mtu akikwambia sana kitap verdim amesema nilikupa kitabu. Kihispania na Kiitaliano ni mzima wa afya, ila akisifiwa mwanamke au kitu chenye jinsi ya kike. Kitagalogi wanalitia kwenye sentensi wakitamani jambo litokee, kama sisi na laiti.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye kile kipengele cha asili ya neno, kila lugha ina chake. Kihispania na Kiitaliano wote wamerithi kutoka Kilatini, sanus, hao ni ndugu wa damu kabisa. Kituruki kimetoka kwenye sen, wewe, likaongezwa kiambishi cha kuelekea, likawa sana. Hicho Kituruki na hao ndugu wa Kilatini hawahusiani hata kidogo, herufi zimegongana tu, na hiki ndo kitu nataka watu wakione kabla hawajarukia kusema lugha fulani imeiba neno la fulani kisa yamefanana, jamani kufanana si undugu, angalieni asili kwanza.

Kasoro zipo. Sana ya Kiarabu yenye maana ya mwaka hutaikuta kwenye ukurasa huo kwa sababu inaandikwa kwa herufi za Kiarabu, lazima uitafute kwa herufi zake, na kwa asiyezijua hapo pagumu. Afu kwa vile mtu yeyote anaandika, asili nyingine zimewekwa bila chanzo chochote, hizo zichukue kwa tahadhari. Na Wikamusi, toleo la Kiswahili, bado ni changa mno ukililinganisha na la Kiingereza, hii inaniuma kwa kweli kwa sababu wasemaji tupo kibao.

Ila vitenzi vya Kiswahili kwenye toleo la Kiingereza wamevitendea haki, vingi vina jedwali la mnyambuliko lenye nafsi na nyakati zote, nomino nazo zina ngeli zake. Mwalimu au mtu anayejifunza lugha atafaidi mno. Nyota moja nimeibakiza, siku Wikamusi ikijaa naiongeza.