Bodi mama ninazoziamini katika kuunda kompyuta za mezani

Ukitaka kuijua kampuni ya bodi mama, usianze na bodi yake ya bei ya juu. Hizo karibu kila kampuni inaziweza. Tazama ile ya chini kabisa kwenye orodha yake, kisha fungua ukurasa wa msaada wa bodi iliyotoka miaka mitano nyuma, uone kama bado inaletewa BIOS mpya, yaani ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Hayo mawili yananitosha kujua ni nani anayemjali mnunuzi baada ya pesa kulipwa.

Kwa kipimo hicho nimebaki na majina manne: ASUS, MSI, Gigabyte na ASRock. Yote ni ya Taiwan. MSI na Gigabyte zilianzishwa mwaka 1986, ASUS mwaka 1989, na ASRock ilizaliwa kutoka ubavuni mwa ASUS mwaka 2002. Biostar nayo ipo, ila nimeitumia kidogo mno kuweza kuitolea hukumu. Bodi za mezani za Intel yenyewe nilizipenda kwa utulivu wake, lakini mwaka 2013 kampuni hiyo ilitangaza kuachana na biashara ya kuziuza.

Kompyuta ninazounda mimi ni za kazi: uhasibu, kuhariri video, michoro ya majengo. Zinawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na nyingine hazizimwi kabisa. Kwa hiyo taa za rangi na michoro ya dragoni kwenye boksi hazinishawishi. Ninachoangalia kwanza ni pale umeme unapoingia kwenye prosesa.

Mafundi wa siku nyingi wanakumbuka bodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unafungua kasha, unamulika tochi karibu na soketi ya prosesa, unakuta safu ya kapasita, vile vipande vya mviringo vinavyotunza chaji ya umeme. Kapasita nzima kichwa chake kimelala bapa kama sarafu. Iliyokufa imevimba pale kwenye alama ya msalaba, na mara nyingi imetoa uchafu wa kahawia uliogandia juu yake. Chanzo kilikuwa kimiminika kibovu ndani ya kapasita zenyewe, na kampuni kubwa kwa ndogo ziliguswa. Baadaye watengenezaji wakahamia kapasita za polima ngumu, na tatizo lile likapungua sana. Ndiyo maana leo maneno ya kusifia kapasita ngumu kwenye boksi hayaniambii chochote. Karibu kila bodi inazo.

Siku hizi tofauti iko kwenye saketi inayoshusha volti, ambayo mafundi tunaiita VRM. Pawa saplai inaleta volti 12, lakini prosesa inataka volti moja na kidogo. Fanya hesabu: prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 inavuta ampea 100. Ampea 100 hizo zinapita kwenye kipande kidogo cha bodi kati ya soketi na milango ya nyuma, kupitia mosfeti, swichi za umeme ambazo kila moja ni ndogo kuliko ukucha wako. Bodi nzuri inaugawa mzigo huo kwenye fezi, yaani njia za umeme, nyingi na kuzilaza mosfeti chini ya chuma kizito cha kupooza joto, kilichofungwa kwa skrubu. Bodi ya kubana matumizi ina fezi chache, na mosfeti zimeachwa wazi.

Nililiona hili kwa mteja mmoja anayehariri video. Kompyuta yake ilikuwa na prosesa ya kori 12 juu ya bodi ndogo ambayo mosfeti zake hazikuwa na chuma chochote. Alikuwa analalamika kwamba kazi ya kutoa video inaanza kwa kasi, halafu baada ya muda inakuwa nzito. Tayari alikuwa amebadilisha feni ya prosesa na kupaka pesti mpya, bila mafanikio. Nikafungua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la vifaa, na kuiacha kazi iendelee. Joto la prosesa lilikuwa la kawaida kabisa, ila la VRM lilipanda hadi likavuka nyuzi 110, na papo hapo kasi ya kori zote ikaanguka. Bodi ilikuwa inajinusuru. Nikaweka bodi ya daraja la kati, prosesa ile ile, RAM zile zile, na kazi ikaenda kwa kasi moja mwanzo mpaka mwisho.

Kilichoniudhi si ile bodi kuwa dhaifu, maana bodi dhaifu ina kazi zake. Kilichoniudhi ni kwamba mtengenezaji, ambaye sitamtaja, alikuwa ameiweka prosesa ile ya kori 12 kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Mnunuzi amefanya alichotakiwa kufanya, amesoma orodha, na bado ameumia. Tangu hapo orodha hiyo naitumia kujua kama kompyuta itawaka. Kama itafanya kazi kutwa nzima, hilo nalitafuta kwa watu waliokwisha kupima joto la bodi yenyewe.

BIOS ni nusu ya pili ya uaminifu, na wengi wanaipuuza. Soketi ya AM4 ya AMD ilitufundisha mengi. Kuna bodi zilizonunuliwa mwaka 2017 ambazo, kwa BIOS mpya, zimekuja kupokea prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000. Mtu anabadilisha prosesa tu, kompyuta inapata maisha mapya. Lakini BIOS inahitaji nafasi ya kukaa. Bodi kadhaa za B450 (hilo ni jina la chipseti, chipu kuu ya bodi) zilikuwa na chipu ya BIOS ya megabaiti 16, na prosesa zilipoongezeka ikawa finyu. MSI ikatoa matoleo yenye jina MAX, yakiwa na chipu ya megabaiti 32. B450 Tomahawk MAX ni mojawapo, na mpaka leo naihesabu kati ya bodi bora za bei ya kati nilizowahi kuzifunga kwenye kasha.

Kuna pia mambo yanayoweza kuua kifaa. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 za X3D ziliungua kwenye soketi, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM, kupitia BIOS mpya. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel, na prosesa za kizazi cha 13 na 14 zikahitaji maikrokodi mpya, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa yanayoletwa na BIOS, ili zisiendelee kuharibika. Mwenye bodi ambayo mtengenezaji wake ameitelekeza, dawa hiyo angeipata wapi?

Kwa sababu hiyo sinunui tena bodi isiyo na kitufe cha kuingiza BIOS bila prosesa. Unapakua faili, unalipatia jina linalotakiwa, unaliweka kwenye flashi, unachomeka kwenye mlango uliowekewa alama nyuma, unabonyeza. Taa inamweta, unasubiri itulie. Gigabyte wanakiita Q-Flash Plus, na nawapongeza kwa kukiweka hata kwenye bodi nyingi za B550 zisizo za kifahari.

Kwa ufupi wa jina kwa jina: ASUS nawapenda kwa menyu ya BIOS, hasa upande wa feni, unavuta mstari wa joto na kasi unavyotaka. MSI ndio ninaowachukua mara nyingi zaidi, familia ya Tomahawk, kwa sababu ya VRM. ASRock huwatafuta mteja anapotaka RAM za ECC, zinazosahihisha makosa ya data, kwenye Ryzen. Gigabyte nimeshasema. Kwa chipseti, kaa kwenye herufi B, kama B650 au B760. Z na X nazo ni nzuri, ila mtu wa ofisi hatatumia milango yote ile. H610 na A620 naziweka kwa prosesa ndogo tu.

Jambo la mwisho linahusu siku bodi inapofika. Soketi za miaka ya karibuni, kama LGA 1700 ya Intel na AM5 ya AMD yenye pini 1,718, zina pini upande wa bodi, na pini moja iliyopinda inatosha kuifuta dhamana. Kabla ya kuweka prosesa, inua kifuniko cha plastiki, mulika kwa pembeni, tazama kama mistari ya pini inang'aa sawasawa, na upige picha. Usikitupe kifuniko hicho. Ukiirudisha bodi bila kifuniko, pini zinaweza kupinda njiani na lawama ikawa yako. Mimi hukiweka ndani ya boksi la bodi pamoja na risiti, na mteja namkabidhi vyote mkononi.