Unataka kununua The Frozen Throne? Soma hii kabla hujatoa hela

Kila mara mtu ananiuliza "hii ekspansheni (nyongeza) ya Warcraft III, ile gemu ya vita ya kompyuta, naipata wapi", nami najibu swali kwa swali, unataka kucheza au unataka kasha la kuweka kabatini? Maana ni vitu viwili tofauti kabisa siku hizi.

The Frozen Throne ilitoka 2003, mwaka mmoja baada ya Reign of Chaos, yaani Warcraft III yenyewe, na haikuwa gemu ya kujitegemea, bila ile ya kwanza kwenye mashine haiwaki. Watu wengi wanasahau hapo, wananunua CD moja halafu wanabaki wanaiangalia tu.

Namba moja kwangu ni Reforged ya kawaida, yaani Warcraft III iliyotengenezwa upya, dijitali, kupitia Battle.net, duka la mtandaoni la Blizzard wenye gemu. Najua, najua, ilipotoka Januari 2020 watu waliitukana mpaka basi, na walikuwa na haki, maana video za hadithi zilizoahidiwa hazikuja, ligi ya ushindani haikuwepo, kampeni za kujitengenezea hazikuwepo, mpaka Blizzard wakaruhusu watu kurudishiwa hela. Lakini hiyo ilikuwa 2020. Ligi ilirudi 2022, na mwisho wa 2024 ikaja apdeti ya 2.0, sasa hivi unaweza kuachana na zile sura mpya ukacheza na grafiki za zamani kama ulivyozizoea. Halafu kikubwa zaidi, ukilipa mara moja unapata Reign of Chaos na Frozen Throne zote mbili. Ubaya wake ni ukubwa, ni kama GB 30 hivi, kwa hiyo pima bando lako kwanza. Toleo lake la bei ya juu, Spoils of War, liache, ni ngozi za mashujaa (muonekano tofauti) na vizawadi vya gemu nyingine za Blizzard, hazikuongezei hata misheni moja.

Namba mbili ni Battle Chest ya 2024, ambayo inakupa hiyo hiyo Reforged pamoja na Warcraft ya kwanza na ya pili zilizoboreshwa. Ukipenda hadithi tangu mwanzo basi hii ndo yako. Ila kama shida yako ni Frozen Throne tu usijidanganye eti unaokoa hela, utafungua Warcraft ya kwanza dakika kumi, uone ilivyo ya kizamani, ufunge.

Tatu, makasha ya zamani. Mimi nayapenda kweli, kile kitabu cha maelezo ndani, harufu yake, basi tu. Ila hakikisha una CD za gemu zote mbili, na kompyuta yako ina sehemu ya kuingizia CD (laptop nyingi mpya hazina). Ukiweka kutoka kwenye CD unapata toleo la 2003 lenye skrini ya mraba, maana skrini pana ilikuja na apdeti ya 2018. Kwa kucheza na washikaji kwenye waya mmoja wa LAN (kompyuta zimeunganishwa bila intaneti), DotA ya zamani, ile ramani iliyotengenezwa na wachezaji, na nini, poa sana, mradi wote mko kwenye apdeti moja, la sivyo hamtaonana. Onlaini rasmi sahau.

Mwisho kabisa, na hata sijui kama niiite namba nne, ni zile namba za CD (za kuruhusu gemu iwake) zinazouzwa peke yake bila kasha. Nilishaingia mkenge mara moja, namba nikaipata, naiingiza naambiwa ina mwenyewe tayari, namtafuta muuzaji hapatikani. Bei ikiwa chini mno jiulize kwa nini.

Ukishaipata usirukie Frozen Throne moja kwa moja, maliza Reign of Chaos kwanza maana hutaelewa wahusika wake, Illidan ana hasira na nani wala Arthas anakimbilia nini kule kaskazini. Na ukimaliza kampeni ya Scourge (jeshi la wafu) usifute gemu, bado kuna ile ya Orc ya Rexxar, huko hujengi kambi kabisa, unazunguka tu na mashujaa wako unaokota vifaa, mimi hiyo ndo nimeirudia mara nyingi kuliko zote.