Fundi aliyeilaza hitisinki ya amplifaya yangu

Sauti aliirudisha, hilo simnyimi. Lakini mnaopeleka amplifaya kwa mafundi wa Kariakoo, simameni muone kazi kabla kifuniko hakijafungwa, maana nilichofanyiwa mimi bado kinanichoma.

Nakodisha muziki, hasa wa kichenipati. Transista mbili, vile vipande vya ndani vinavyokuza sauti, ziliungua, nikaenda kwa fundi mmoja maeneo ya Msimbazi. Akataka sh. 85,000, nikatoa bila kubishana. Wikiendi hiyohiyo tuko Tabata, mwali anatolewa, kungwi kashajifunga kanga, muziki ukakata! Kugusa kifuniko, nikarudisha mkono haraka. Ikipoa inapiga nyimbo mbili, inazima tena. Shughuli ikamalizikia kwenye ndoo na vigelegele, na hela yangu nikakatwa.

Nikaifungua. Amplifaya hii haina feni. Inategemea hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi linalotoa joto la transista. Mapezi yakisimama wima, hewa iliyopata moto katikati yake inapanda na kutokea matundu ya juu, nyingine inaingia kwa chini. Basi. Bwana fundi kailaza! Hewa moto inagota kwenye pezi la juu yake, imekwama hapo. Matundu ya chini kayaziba na sponji, eti vumbi. Na ile pesti nyeupe ya kujazia vinafasi kati ya transista na alumini, ambayo inatakiwa utando tu, yeye kaipaka kama siagi ya mkate. Ikizidi inazuia joto, maana haipitishi joto hata karibu na alumini yenyewe.

Nikamrudishia. Hata kichwa hakuinua. "Mama, we kodisha muziki, ya ndani tuachie wenyewe. Hii Dar, kila kitu kinachemka."

Jamani! Ni kweli Februari hewa yenyewe inafika nyuzi 32, na hitisinki haiwezi kupoa kuliko hewa inayoizunguka. Si ndiyo sababu ya kuiachia njia? Akaniambia niweke feni ya mezani mbele yake. Ukumbini, mbele ya wageni! Nusura nimtwange nayo.

Aliyeniokoa ni kijana msaidizi wake. Mkubwa alipotoka kwenda kula, akaichukua, akaisimamisha hitisinki, akatoboa matundu mapya ya skrubu, akafuta pesti na kupaka upya kidogo, akatoa na sponji. Akabadilisha hadi kile kipande cha maika kinachozuia umeme wa transista usifike kwenye alumini, kilikuwa kimeshapasuka. Hakutaka hata mia.

Tangu hapo imekesha kwenye harusi na haijazima, mapezi yana moto wa kuvumilika tu. Nilishaapa nisimpeleke mtu pale, sasa sijui nisemeje. Nendeni. Ila nendeni saa za chakula cha mchana.